Nani Alikuwapo Uwanjani?

 Mazungumzo ya leo yahusu habari za michezo jinsi zinavyotujia siku hizi kwa njia ya tovuti, na nitayaanza kwa kisa ambacho wengi wenu mngali mnakikumbuka.

Usiku wa Jumatatu, tarehe 5 Agosti 2024, saa nne zikiwa zimekwisha kupita kwa saa zetu, Beatrice Chebet, binti wa Kaunti ya Kericho aliyekuzwa na kambi ya riadha ya Lemotit huko Londiani, alikata utepe wa mbio za mita 5,000 mjini Paris mbele ya wanawake wote wa dunia. Nyuma yake akafuata Faith Kipyegon wa Keringet, jirani zetu wa upande wa Nakuru, na wa tatu akawa Sifan Hassan wa Uholanzi. Kabla shangwe haijatulia, tovuti za michezo zikatangaza kwamba Kipyegon ameondolewa katika orodha ya washindi kwa kumzuia Gudaf Tsegay wa Ethiopia njiani, kwamba nishani ya fedha sasa ni ya Hassan, na ya shaba ni ya Nadia Battocletti wa Italia. Na kabla usiku haujakucha zikatangaza tena kwamba rufani ya Kenya imekubaliwa, Kipyegon amerudishiwa fedha yake, Hassan amerudi kwenye shaba, na Mwitaliano yule amebaki wa nne, mikono mitupu. Mtu aliyelala mapema aliamka asubuhi akaikuta habari imekwisha kutulia. Aliyekesha na simu yake alipata, kwa muda wa saa chache, habari tatu zenye kupingana, na zote tatu zilikuwa kweli wakati zilipoandikwa.

Sina nia ya kuulaumu wepesi huo. Ikiwa waamuzi wa Paris wenyewe walibadili shauri lao katika usiku mmoja, mwandishi aliyewafuata hatua kwa hatua alitimiza wajibu wake, na mtu wa Kericho, ambaye zamani angalingoja gazeti lishuke kwa basi kutoka Nairobi, alikuwa sawa kwa elimu ya jambo lile na mtu aliyeketi ndani ya Stade de France. Hiyo ni neema, na mwenye insafu hawezi kuikana.

Atakaye kuipima neema hiyo na akumbuke Oktoba 1964, wakati Wilson Kiprugut Chumo, mtu wa Kericho na askari kwa kazi yake, aliposhika nafasi ya tatu katika mbio za mita 800 mjini Tokyo, nyuma ya Peter Snell wa New Zealand na Bill Crothers wa Kanada, akawa Mkenya wa kwanza kupata nishani ya Olimpiki, miezi miwili kabla Kenya haijawa jamhuri. Miaka minne baadaye, Mexico, aliongoza mbio zizo hizo karibu mpaka mwisho, akapitwa na Ralph Doubell wa Australia katika kipande cha mwisho, akarudi na nishani ya fedha. Habari za namna ile zilifika huku kwa redio, na redio zenyewe zilikuwa chache, nyumba moja ikiwa na redio na nyumba kumi zikiwa na masikio. Kisha zikaja kwa gazeti. Kisha kwa midomo ya watu, na kila mdomo ukatia chumvi yake, hata ikawa wako wazee waliokufa wakiamini kwamba Kiprugut alimshinda Snell.

Lakini katika uchache ule kulikuwa na kitu ambacho katika wingi wa leo kimepungua, nacho ni shahidi. Mtangazaji wa kandanda wa redio, awe Mohammed Juma Njuguna au Leonard Mambo Mbotela aliyetutoka Februari 2025, hakuwa na budi kuwapo uwanjani. Watangazaji wa enzi ile, nasema kwa jumla bila kumnyoshea mtu kidole, waliweza kupendelea, na mpira uliotoka nje kwa hatua mbili uliweza kusikika redioni kana kwamba umegonga mtambaa wa panya. Hata hivyo macho yao yalikuwa juu ya nyasi, na mtu aliyebisha maneno yao aliweza kuulizwa, Je, wewe ulikuwapo?

Tovuti ya michezo ni kitu cha asili nyingine. Mhariri wake huketi Nairobi, au London, au Lagos, mbele ya kioo. Habari humjia kutoka kwa mashirika kama Reuters na AFP, kutoka kurasa za vilabu na za wachezaji wenyewe, na kutoka tovuti nyingine ambazo nazo zimezipata kwa njia iyo hiyo. Na kazi yake ni kuzifupisha, kuzitia kichwa cha kushtua, na kuzitoa kabla mwenzake hajazitoa. Mapato yake hayatoki katika bei ya gazeti, yatoka katika hesabu ya watu waliobonyeza, na kwa kuwa Mkenya hubonyeza habari za Arsenal na Manchester United mara nyingi kuliko habari za timu ya kata yake, mhariri huyo, ambaye si mtu mwovu na ana kodi ya nyumba ya kulipa, humpa akitakacho. Ndiyo maana kijana wa Kapkatet aweza kukutajia ni goti lipi la beki wa Arsenal liumalo, la kulia au la kushoto, asijue ni nani aliyeshinda Jumamosi iliyopita katika kiwanja ambacho kelele zake zilimfikia kitandani. Sehemu kubwa ya akisomacho ni tetesi za usajili: fulani atahama, fulani hatahama, fulani ameonekana uwanja wa ndege. Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Waandishi wa tetesi wameifanya methali hiyo kanuni ya kazi yao, maana lisipokuja hakuna kati yao arudiye kuomba radhi.

Jambo la lugha nalo nisilipite kimya, ingawa si kiini cha mazungumzo haya. Katika laini za mashamba makubwa ya chai, ambamo Mkipsigis, Mgusii, Mluo na Mluhya hukaa mlango kwa mlango, ubishi wa mpira huendeshwa kwa Kiswahili, kwa sababu ndicho kiwaunganishacho. Lakini tovuti nyingi za michezo za Kenya huandika kwa Kiingereza, na atakaye kusoma kwa Kiswahili, akiisha kumaliza ukurasa wa Taifa Leo, huvuka mpaka akaenda Dar es Salaam kwa Mwanaspoti na wenzake, ambako Simba na Yanga zimejaa kurasa zote. Sioni ubaya wowote katika hilo. Nimewasikia wachumaji wa chai wakigombana juu ya kipa wa Simba kwa hamaki ambayo hata Kariakoo ingaliionea haya, na nikafurahi kwamba Kiswahili kimewafikishia jambo la kugombania. Lakini hebu tazameni ulivyo mzunguko huo: mtu yuko Kericho, anasoma habari za Uingereza kutoka Nairobi na habari za Dar es Salaam kutoka Dar es Salaam, na habari za Kericho hazisomi popote.

Fauka ya hayo kuna kamari. Tangu SportPesa ilipoanza kazi nchini mwaka 2014, na wengine wengi wakaifuata, kampuni za ubashiri zimekuwa wafadhili wa vilabu na walipaji wa matangazo katika kurasa za michezo, hata ikawa vigumu kusoma matokeo ya mechi bila ya kuonyeshwa, ubavuni mwake, bei ya mechi ya kesho. Mwaka 2019, mgogoro wa kodi na leseni ulipoifungia SportPesa, vilabu vikongwe vya Gor Mahia na AFC Leopards vilijikuta havina mfadhili, na ndipo nchi ikaona jinsi mpira wake ulivyokuwa umeegemea mlango wa mcheza kamari. Sitahubiri juu ya kamari. Wahubiri wapo, na wanalipwa kwa kazi hiyo. Ninalotaka mlishike ni kwamba kamari haihitaji kumjua mchezaji wala kuujua mji, yahitaji tarakimu tu, na ya kwamba katika viwanja vingi vya ligi ndogondogo za dunia mtu pekee anayelipwa aketi akitazama mchezo mwanzo mpaka mwisho ni yule wa kampuni ya takwimu, mwenye simu mkononi, anayetuma kila kona na kila bao kwenye soko la ubashiri. Huyo naye ni shahidi, sikatai, ila anashuhudia kwa niaba ya wengine.

Sasa nije kwetu. Klabu ya Zoo ya Kericho ilipanda ligi kuu ya Kenya mwaka 2017, na nchi iliyozoea kutoa wakimbiaji ikapata timu ya kandanda ya kuzikaribisha Gor Mahia na Leopards katika Uwanja wa Kericho Green, ule ule uliokuja kupokea sherehe za Mashujaa tarehe 20 Oktoba 2023. Mwaka huo wa 2017 ligi ilipanuliwa kutoka timu 16 hadi 18, na SuperSport, iliyokuwa ikiirusha kwenye televisheni, haikuridhika na upanuzi huo, ikajitoa. Kwa hiyo milango ya ligi kuu ilifunguliwa kwa Kericho katika mwaka ule ule ambao kamera zilifungasha zikaondoka, na mechi nyingi za misimu iliyofuata zikachezwa mbele ya watu waliolipa kiingilio na mbele ya Mungu. Tovuti ziliandika matokeo: timu fulani moja, timu fulani bila, na majina ya wafungaji, kama walijulikana.

Kisha mwaka 2021 FIFA ikaiondoa Zoo katika ligi kuu kwa kosa la kupanga matokeo ya mechi. Habari hiyo ilienea siku ile ile, ikasomwa hata na watu ambao jina la Kericho walilijua kwa pakiti ya chai tu, na naamini kwamba katika siku ile moja Zoo ilitajwa kuliko ilivyopata kutajwa katika misimu yake yote ya kucheza. Walioijua timu tangu ilipokuwa ikicheza ligi za chini, waliobeba maji na kuchora mistari ya chokaa, waliisoma habari ya nyumbani kwao kwenye simu, kutoka Zurich kwa njia ya Nairobi.

Mwenye shamba dogo la chai anaelewa vema maana ya kuwapo. Apelekapo majani yake kituoni husimama karibu na mzani, akamtazama karani anapoandika kilo, kwa kuwa kilo ile ndiyo itakayomrudia kama malipo ya mwezi na kama bonasi hesabu za kiwanda zikifungwa. Asipokuwapo, hawezi kuapa kwamba zilikuwa kumi na nane wala kwamba zilikuwa kumi na sita. Katika misimu ile ya Zoo mizani ilikuwapo, na hesabu iliandikwa na kupelekwa mbali, lakini aliyesimama karibu kwa niaba ya Kericho, mwenye kalamu na mwenye nafasi ya kuchapisha, simjui. Sisemi kwamba waandishi wangalikuwapo dhambi ile isingalitendeka; kuna nchi zenye waandishi mia katika kila mechi, na mechi zao zimeuzwa vilevile. Nasema tu kwamba mwenye kuuza mechi, kabla hajazihitaji fedha, huhitaji kwanza mahali pasipotazamwa, na sisi tulimpa.

Hapa ndipo nionapo kasoro iliyo kubwa kuliko tetesi na kubwa kuliko kamari. Kericho na jirani yake Bomet zinajulikana katika habari za michezo kwa nyakati mbili, zinaposhinda na zinapoadhibiwa. Mnamo tarehe 25 Mei 2024, huko Eugene katika Marekani, Chebet alikimbia mita 10,000 kwa dakika 28 na sekunde 54.14, akawa mwanamke wa kwanza duniani kushuka chini ya dakika 29. Tarehe 5 Julai 2025, katika uwanja uo huo, alikimbia mita 5,000 kwa dakika 13 na sekunde 58.06, akawa wa kwanza kushuka chini ya 14. Na baina ya siku hizo mbili alitwaa dhahabu mbili za Paris, kisha Septemba 2025 akatwaa nyingine mbili katika ubingwa wa dunia mjini Tokyo. Haya yote tuliyapata upesi na kwa usahihi mpaka sehemu ya mia ya sekunde. Kadhalika, jina la mkimbiaji yeyote wa huku likiingia katika orodha ya adhabu ya Kitengo cha Uadilifu cha Riadha kilichoko Monaco, tunalipata saa ile ile, na hapo pia tarehe na dawa vyaandikwa bila kukosea. Kati ya utoto wa mkimbiaji na mojawapo ya siku hizo mbili, ya heshima au ya fedheha, kuna miaka kumi ambayo habari haina neno la kuisemea.

Wasomaji wengi wa ng'ambo walilisikia jina la Chebet mara ya kwanza mwaka 2018, alipotwaa ubingwa wa dunia wa vijana wa mita 5,000 mjini Tampere katika Ufini, na wengine hawakulisikia mpaka Paris. Lakini mtu hazaliwi Tampere. Kabla ya hapo kuna mbio za shule, ambazo huanza katika ngazi ya kata, zikapanda mpaka kaunti ndogo, mpaka kaunti, mpaka kanda, mpaka taifa, na kila ngazi huacha nyuma mamia ya watoto. Kuna kocha anayegharimia kambi kwa mfuko wake. Kuna msichana aliyekuwa hodari kuliko wote akaolewa akiwa na miaka kumi na saba, na mvulana aliyekuwa wa pili daima akaenda kuwa dereva wa trekta. Habari za michezo za nchi ya wakimbiaji zingalistahili kuwa hizi, kwa maana zaeleza kwa nini nchi hii hutoa wakimbiaji, na kwa gharama gani, jambo ambalo kila mgeni ajaye huuliza na ambalo hujibiwa kwa neno moja jepesi, miinuko, kana kwamba miinuko peke yake yatosha; ingalitosha, Nepal ingalikuwa na nishani zote za mbio ndefu.

Najua jibu la wenye tovuti. Watasema kwamba mwandishi wa kaunti hulipwa kwa kila habari iliyotoka, si kwa mwezi, na kwamba nauli ya kutoka Kericho mjini mpaka Londiani kwenda na kurudi, ukiongeza chakula na bando la intaneti, yaweza kuzidi malipo ya habari yenyewe. Watasema kwamba habari ya mbio za kata ikitolewa husomwa na watu mia mbili, ilhali tetesi moja ya usajili husomwa na laki mbili. Hesabu hiyo siwezi kuikosoa. Ila nawakumbusha kwamba watu hao mia mbili ni wazazi, walimu, makocha na wenye kambi, na ndio hao hao ambao mwandishi wa Nairobi atawapigia simu usiku, kwa haraka na kwa unyenyekevu mwingi, siku mtoto wao atakapovunja rekodi ya dunia, akiuliza alisoma shule gani na je, kuna picha yake ya udogoni.

Na sisi wa redio tusijitoe katika shutuma. Vituo vyetu, vya Kiswahili na vya lugha ya Kikalenjin, husikilizwa mahali ambapo simu ya mtandao haijafika au bando limekwisha, na vingeweza kuwa mashahidi wa karibu kuliko wote. Lakini kipindi cha michezo cha asubuhi katika vituo vingi ni mtu aliyeshika simu akiwasomea wasikilizaji kile ambacho nusu yao wamekwisha kukisoma jana usiku. Kumpeleka kijana mmoja na kinasa sauti kwenye mbio za shule si gharama ya kuishinda redio yoyote inayomudu kulipia umeme.

Mbio za nyika za shule hukimbiwa katika viwanja vyenye matope, baina ya ua wa michai na ukuta wa choo, na huenda anayeshika nafasi ya saba pale ndiye atakayetafutwa na dunia nzima miaka sita baadaye. Orodha ya waliomaliza, kutoka wa kwanza mpaka wa mwisho, hubaki kwenye karatasi ya mwalimu wa michezo, na namba ya simu ya mwalimu huyo inajulikana na kila mtu katika kata.